Dakika za Dada

Jumapili, 3 Machi

Mwaka mmoja na miezi miwili tangu niondoke nyumbani. Leo hatuchimbi. Nimefua, nimeanika, nimelala kifudifudi maana mgongo haukubali kulaliwa. Kobe amenichua kwa dawa ya misuli huku akininanga kwamba nina mgongo wa babu na vesti ya babu huyohuyo. Kobe ndiye ninayekaa naye chumba. Jina amelipata kwenye chakula: wenzake tunaosha sahani, yeye ndiyo kwanza anatafuna tonge la tatu. Lakini ana mikono ya kuchua, Mungu ampe maisha marefu.

Dada mkubwa amepiga simu. Salamu zilikuwa fupi. Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Nyumbani kuna bomba moja alilolaza marehemu baba, linaleta maji kutoka kwenye chemchemi hadi mashamba yetu mawili: langu, ambalo mke wangu analima, na la dada. Maji ni ya zamu. Jirani wa juu anayaachia saa kumi na mbili asubuhi. Hadi saa mbili ni ya mke wangu. Saa mbili hadi saa nne ni ya dada. Saa nne kamili Mwalimu mstaafu, jirani wa chini, anakuja simu mkononi na kuyachukua. Huyo hangoji mtu.

Mwezi wa tisa niliwatumia kisanduku. Kimefungwa pale bomba linapogawanyika. Ndani kina saa, betri na mota ndogo. Ikifika saa mbili kinalia tak! na kuyageuza maji kutoka kwa mke wangu kwenda kwa dada. Mtu hana haja ya kuacha jembe akimbilie koki. Nilijiona mume na kaka wa maana siku ile.

Sasa dada anasema kinachelewa. Kilianza kidogo kidogo, leo imezidi dakika ishirini. Dakika hizo zinakwenda kwa mke wangu, kwake zinapungua, kwa kuwa Mwalimu hachelewi. Mistari miwili ya mwisho ya hoho zake imelala chini.

Nikamwambia nitaangalia. Akasema, "Utaangalia nini? Umemwekea mkeo dakika ndani ya kile kidude."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 5 Machi

Mtaro wa banda la saba. Udongo mgumu kama tofali la kuchoma. Saa ya chakula nimemfuata Injinia karakana.

Injinia ni mwanamke kijana anayesimamia mashine za kumwagilia kwenye mabanda yote ya nailoni hapa kazini. Sisi tunachimba na kulaza mabomba, yeye anayatia akili. Mwaka jana alinipa bodi iliyong'olewa kwenye mashine ya zamani, akaniwekea programu, akaniachia meza na kifaa cha kulehemu niimalizie mwenyewe Jumapili. Ndiyo bodi iliyokwenda nyumbani.

Nikamweleza. Akauliza: ile kristali uliiwekea kapasita zipi? Nikasema zile kubwa za droo ya chini. Kwa nini kubwa? Kwa sababu zilikuwa kubwa. Akaweka kijiko chini. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na mimi nikacheka, ingawa sikujua bado tunacheka nini.

Alivyonieleza, naandika kabla sijasahau. Ndani ya kisanduku kuna kristali, yaani kipande cha jiwe la kwazi kwenye kikopo cha bati, kikopo kama punje ya mchele. Ukilipa umeme linatetemeka maelfu ya mara kwa sekunde. Chipu inahesabu mitetemo, na ndiyo inapata saa. Sasa, jiwe hilo limechongwa kwa mzigo wake maalumu. Mzigo ndio zile kapasita mbili za pembeni, vijidude vinavyohifadhi umeme kidogo. Zikiwa ndogo mno, jiwe linakimbia. Zikiwa kubwa mno, linajikokota. Mimi nililitwika mara mbili ya mzigo wake.

Habari ya mzigo mimi sihitaji kurudiwa. Nimebeba saruji tangu nikiwa sina ndevu.

Kisha akauliza kisanduku nilikipaka rangi gani. Nyeusi, ili wezi wasikione. Kinakaa wapi? Juani. Hapo hakucheka tena. Jiwe la namna hiyo, akasema, linapenda joto la chumbani tu. Likichemka linachelewa, likipata baridi linachelewa vilevile. Nimeona halina tofauti na sisi vibarua. Akanisogezea nusu ya chakula chake.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia dada kabla ya kazi. Nimemwambia wazi: kosa ni langu, kapasita nimeweka kubwa, rangi nimepaka nyeusi, mke wangu hajui chochote.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanaume anayekubali kosa haraka hivyo," akasema, "kuna mtu anamficha."

Nifanyeje sasa! Nikikataa, mwongo. Nikikubali, mwongo zaidi.

Pembeni ya kisanduku kuna kitufe. Mtu akikibonyeza redio inapopiga saa mbili, saa ya ndani inarudi mahali pake. Nukta moja, kazi imekwisha. Nimemwomba dada akibonyeze. Hathubutu: kikija kuharibika ataambiwa ni mkono wake. Nimempigia mke wangu. Naye hagusi. Kasema, "Siku nikikigusa ndiyo nimekuwa mwizi kweli, baba watoto."

Nikasema basi mbonyeze wawili, kidole juu ya kidole. Akaniambia mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu leo amefunguka. Sikujua yamefika huko.

Hawa wawili walikuwa kitu kimoja. Alipojifungua mtoto wetu wa pili na hali yake ikawa mbaya, dada alilala sakafuni kwetu mwezi mzima, akimkanda, akimlisha, akimtukana kila alipokataa uji. Sufuria kubwa ni moja, inatembea nyumba hii na ile mpaka hakuna ajuaye ilinunuliwa na nani. Wakikaa pamoja mimi ndiye kichekesho chao. Nimewahi kurudi kutoka kazini nikawakuta wanalia kwa kicheko, na nilipouliza kuna nini wakanitazama miguuni, wakaanza upya. Mpaka leo sijui miguu yangu ina nini.

Sasa dada anapita nyuma ya nyumba ili wasikutane. Akikutana naye kisimani anajibu salamu kama kwa mgeni, "salama," basi. Na ameshaongea na fundi bomba. Mwisho wa mwezi huu anakuja na msumeno wa chuma, akate bomba la baba pale juu, dada apitishe lake mwenyewe, aungane na zamu ya Mwalimu.

Bomba lile nilimshikia baba ncha moja wakati analaza, dada akashika nyingine. Likikatwa, maji yatapona, yatapita njia nyingine. Hawa wawili sijui. Nitarudi nyumbani nikute mashamba mawili ya watu wasiojuana.

Kabla hatujakata simu akaniuliza taratibu, "Ni kweli hukuniwekea?"

Nikasema ni kweli. Akaaga polepole. Ni kama alitamani kidogo niwe nimemwekea.

Jumapili, 10 Machi

Karakana nzima leo ilikuwa yetu. Injinia amenipangia mezani njia tatu, kama kwa mtu anayechagua viatu.

Ya kwanza: kuachana na kristali, kutumia saa iliyomo ndani ya chipu yenyewe. Haina gharama wala mzigo wa kukosea. Lakini hiyo inayumba na joto na betri, inaweza kupoteza dakika kadhaa kwa siku. Nikasema dada atakuja na msumeno hadi huku.

Ya pili: kristali ileile, nitoe kapasita kubwa, niweke zinazoendana nayo, nipake kisanduku nyeupe na kukiwekea kivuli. Itatulia. Jua kali litaendelea kuivuta kidogo.

Ya tatu: kijidude cha mraba chenye miguu minne. Ndani yake mna kristali, na mna kipimajoto chake. Kinahisi joto na kujirekebisha chenyewe. Hakihitaji kapasita za nje, kwa hiyo hakuna mahali pa mimi kuweka kubwa. Alivyosema hivyo alinitazama.

Nikauliza kwa nini tusichukue saa kutoka hewani, kama simu. Akasema bondeni kwenu mtandao unakuja na kuondoka, na kifaa cha kuutafuta kitamaliza betri ya kisanduku. Saa hii lazima ijitegemee.

Nikataka ya tatu palepale. Akakataa. Kwanza tujue ugonjwa: kinachelewa kiasi gani kila siku? Kikizidi kiasi kilekile kila siku, ni mzigo. Kikizidi siku za jua na kupungua siku za mawingu, ni joto pia. Mtu apime kila asubuhi, wiki mbili tatu, bila kugusa kitufe.

Nani apime? Hapo ndipo kichwa kiliponiuma.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewaomba wote wawili, kila mmoja kwa simu yake. Kazi yenyewe: redio ikipiga saa mbili, anza kuhesabu kwenye simu. Kisanduku kikilia tak, simamisha. Nitumie.

Mke wangu amekubali, bora mwenzake asifikiri anatunga. Dada amekubali, bora ajipimie mwenyewe, hesabu za mwenzake hazichukui. Na fundi bomba? Nikamwambia dada angoje hadi nipate majibu. Akasema mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi, mdogo wangu.

"Mdogo wangu" amesema. Si haba.

Jumatano, 13 Machi

Hesabu za kwanza mbili. Mke wangu: dakika ishirini na mbili na sekunde nne. Dada: ishirini na mbili na sekunde thelathini. Dada anasema mwenzake anachelewa kuanza. Mke wangu anasema wifi yake ana kidole kizito. Walisimama mmoja upande huu wa kisanduku, mmoja upande ule, wamepeana visogo, kila mmoja na redio yake. Watoto walikwenda kutazama kama sinema.

Nilicheka peke yangu mtaroni. Nyapara akauliza ninacheka na nani.

Ijumaa, 15 Machi

Mtaro umebomoka upande mmoja. Tumeuchimba upya. Mikono imepasuka, hata kalamu inauma.

Hesabu zimekutana. Sekunde ileile, wote wawili.

Jumapili, 17 Machi

Tumefanya majaribio yetu huku pia. Bodi tatu, kila moja na njia yake. Tuliziweka kwenye friji ya mbegu tangu Alhamisi, halafu juu ya bati la karakana, tukizilinganisha na saa ya ofisini inayopokea majira kutoka setilaiti.

Ile ya chipu yenyewe imetutia aibu. Kwenye bati ilikimbia, kwenye friji ikasinzia, nikamwambia Injinia hii ni Kobe: mbele ya kazi anakimbia, mbele ya chakula anasinzia. Ile ya kristali yenye kapasita sahihi ilitulia kivulini, ikachelewa kidogo kote kuwili, kwenye friji na juani. Ya miguu minne haikujali. Unaitoa friji, unaipeleka juani, inaendelea kama mwanamke aliyezaa watoto saba. Injinia akasema mfano huo hatauandika kwenye ripoti.

Nikamwuliza kama imewahi kutokea kwake, watu kugombana kwa sababu ya kristali. Akasema kwao ofisini waligombania kiti.

Kule nyumbani: redio ya dada imekufa betri. Sasa wanatumia moja, ya mke wangu. Wanaiweka juu ya kisanduku. Mke wangu anasema ukitaka kusikia ile milio vizuri inabidi usogee.

Jumatano, 20 Machi

Dada mwenyewe amepiga, na hakuwa anashtaki. Alikuwa na habari. Jana jua liliwaka sana, kisanduku kikaongeza sekunde saba. Leo mawingu, kimeongeza tano tu. Alinieleza kama mtu aliyeligundua yeye. "Kwa hiyo lile jiwe linasikia joto?" Nikasema linasikia. Akaguna. "Na wewe ukalivika nguo nyeusi."

Nimempelekea Injinia. Akachora kwenye karatasi: tano za kila siku ni mzigo, mbili za juu yake ni jua. Ndivyo alivyodhani. Akasema wapimaji wangu ni wazuri, angependa kuwaajiri. Nikamwambia hawezi kuwamudu.

Jioni mke wangu ametuma sauti. Tangu jana, redio ikishapiga saa mbili, hauachi tena mpira wake wa maji shambani kwake. Anaibeba ncha, anaipitisha mtaroni, anaielekeza kwenye hoho za wifi yake mpaka kisanduku kilie. Kisanduku hakijui, kinaendelea kudhani maji ni ya mke wangu. Nikamwuliza dada amesema nini. Amesema mpira unavuja pale katikati, kesho ataleta kamba aufunge.

Nimeisikiliza sauti hiyo mara mbili. Kobe akaniuliza kama ni wimbo.

Ijumaa, 22 Machi

Hakuna cha kuandika. Mgongo. Hesabu imekuja, moja tu, wameituma kwa simu ya dada: "sisi" imeandikwa mwishoni. Sisi.

Jumapili, 24 Machi

Nimechagua. Ya miguu minne. Injinia amenipa moja kati ya zile walizoletewa za kujaribia, nami nimemlipa kwa kazi: kusafisha bodi zake za zamani kwa spiriti na mswaki. Masizi ya kulehemu yakibaki karibu na kristali yanavuta unyevu na kuiyumbisha saa, kwa hiyo safisha kama unamwogesha mtoto, kasema. Nimesafisha hivyo.

Kuilehemu imenitesa. Mikono hii imezoea sururu. Miguu ile minne ni midogo kuliko mchanga unaonibaki kwenye kucha. Mara ya kwanza risasi ya kulehemu iliunganisha miwili, nikatoka nje nikavuta pumzi, nikarudi. Injinia akaikagua kwa kioo cha kukuzia muda mrefu sana. Halafu akasema imepita. Nimempigia Kobe picha ya bodi, akasema ndiyo nini.

Kisanduku kipya ni cheupe. Kiko chini ya kitanda changu, kinafanya kazi, nakilinganisha na saa ya ofisini kila ninapopita. Injinia anasema kwa mwaka mzima hakitakosea zaidi ya dakika moja hivi.

Nimewaambia wote wawili, walikuwa pamoja, simu imewekwa spika kwao na kwangu. Nikajieleza kwa furaha: hakuna kupima tena, hakuna kitufe, hakuna kusimama pale asubuhi. Kitafungwa na kusahaulika.

Dada akasema, "Kwa hiyo hakuna atakayehitajika kuja?"

Hakuna, nikasema.

"Haya," akasema. Kuna haya ya kukubali na haya ya kuvunjika moyo. Nimeijua haya ya dada tangu nanyonya. Sikujua hii ilikuwa ipi.

Jumamosi, 30 Machi

Roho yangu ilikuwa juu tangu alfajiri. Leo ndiyo siku ya fundi bomba. Nimechimba bila kujua ninachimba. Nyapara kanipeleka kubeba mabomba badala ya sururu, akihofia nitajikata mguu.

Mchana simu ya mke wangu. Fundi alifika mapema na msumeno wake na mkoba. Walikuwa wamesimama kwenye kisanduku, redio bado haijapiga. Dada akamwambia aketi kwanza, ana kazi ya saa mbili. Fundi akaketi juu ya jiwe. Saa mbili ikapiga, wakaanza kuhesabu, mke wangu akaenda na mpira, dada akabaki na simu. Fundi akauliza mnahesabu nini. Dada akamweleza habari ya jiwe, mzigo na nguo nyeusi, akatia na chumvi zake: kasema mimi ndiye niliyelichimba mwenyewe jiwe hilo huku ugenini. Kisanduku kikalia. Fundi akauliza akate wapi.

Dada akamwambia arudi siku nyingine, maji yameshamfikia, hawezi kukata maji yanayotembea.

Siku ipi? Hakumtajia. Mke wangu hakumwuliza. Mimi nataka kumwuliza, nimejizuia. Msumeno upo, fundi yupo, na bomba lipo. Sijui hata kidogo kama ameahirisha au ameacha.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimepewa likizo. Nyapara kaniita, nikadhani nimekosa. Kanipa wiki tatu kuanzia tarehe 20, kwa kuwa mabanda mapya hayajafika na vibarua tumejaa. Kobe amenipongeza, halafu akakaa kitandani kwake akiangalia ukuta. Nitamwachia dawa ya misuli, ajichue mwenyewe, ingawa mgongo wa mtu mwenyewe haufikiki.

Nimemwambia Injinia. Kanifungia kisanduku cheupe kwenye katoni na magazeti pembeni. Halafu kaniwekea kwenye bahasha ndogo kapasita mbili, zenye kipimo sahihi, za kristali ile ya zamani. Nikamwuliza za nini, wakati ninachukua ya miguu minne. Akasema, "Zichukue tu, kaka. Wenye bomba huenda wakapenda kuchagua."

Alikuwa amesikia spika yangu, siku ile. Nilipiga nikiwa karakana.

Jumapili, 14 Aprili

Leo hesabu haikuja. Nimengoja tangu asubuhi. Saa tatu, saa nne. Nikaanza kufikiria mengi: wameudhiana, msumeno umerudi, kisanduku kimekufa. Nikapiga. Simu ya mke wangu haipokelewi. Ya dada haipokelewi. Nimekunja nguo za safari nikazikunjua, Kobe akanipokonya shati.

Saa sita wakanipigia wao. Nyuma nasikia vyombo, nasikia sufuria. Nikauliza hesabu iko wapi. Kikatoka kicheko, kile cha miguu yangu.

Mke wangu kasema walianza vizuri. Redio ilipiga, wakawasha simu. Halafu dada akakumbuka jambo fulani la zamani la shangazi, wakaanza kusimulia, mmoja akisahau mwingine anamkumbusha, wakaketi chini. Walipokuja kutazama, maji yalishageuka zamani, yanapita kwa dada, na simu zote mbili bado zinahesabu. Hakuna aliyesikia tak.

"Utusamehe," dada akasema kwa nyuma. "Tutapima kesho. Usije ukatubadilishia kabla ya kesho."

Nikamwuliza kuhusu fundi bomba. Nilishindwa kujizuia. Akasema ngoja kwanza, chakula kinaungua, akaondoka kwenye simu. Mke wangu naye akaniuliza tu ninapakia nini.

Katoni iko mlangoni. Kisanduku cheupe nimekilinganisha leo na saa ya ofisini: hakijaachana nayo hata nukta moja ninayoweza kuiona. Kazi nzuri, na ni ya mikono yangu, nasema ukweli. Bahasha ya kapasita nimeitia kwenye mfuko wa shati. Hoho zinahitaji maji yake, hilo halina mjadala. Ila namna ya kuyafikisha zipo sasa tatu: kisanduku cheupe, kile cheusi kikitiwa kapasita hizi, na mpira uliofungwa kamba katikati.

Lori linaondoka Ijumaa jioni. Nimewaambia nitafika Jumamosi tarehe 20, na nimemwomba dereva tusilale njiani, niwe nyumbani kabla ya saa mbili asubuhi. Nisimame nao hapo kwanza, nikisikie kinavyochelewa.